Maisha ya Peter Cameron Scott na Chuo Kilichopewa Jina Lake



Katika ukurasa wetu wa watumishi wa Mungu waliotutangulia, leo tunawaletea maisha ya Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, misheni ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la AIM. Wengi wetu hapa Lobule tulitoka Aba, Faradje, Aru na vijiji vya kando yake. Tulibatizwa katika makanisa yaliyozaliwa na misheni hiyo. Wengine tulizaliwa katika hospitali zake na kujifunza kusoma katika shule zake. Hata kwa ndugu zetu wa Arua na Koboko waliotupokea, misheni hiyo hiyo ilifanya kazi ya injili. Lakini Jumapili iliyopita tulipowauliza vijana wa kwaya Scott ni nani, ni mmoja tu aliyejibu, naye alisema ni mmisionari wa zamani aliyekuwa na gari. Kwa kweli Scott hakuwahi kuwa na gari. Alitembea kwa miguu mpaka akafa.

Tunayo sababu nyingine ya kumwandika. Mnajua kwamba sadaka ya mavuno ya mwaka huu bado haijapangiwa kazi. Katika kikao cha wazee, upande mmoja ulitaka inunue mabati ya kanisa, maana turubai limechanika na mvua inatunyeshea wakati wa ibada. Upande wa pili ulitaka isaidie karo ya vijana wetu wawili waliomaliza S.6 na kupata nafasi ya kuendelea na masomo. Tulibishana mpaka taa ya sola ikazimika. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba mitume walikuwa wavuvi na hawakwenda chuo. Mama mmoja alimjibu kwamba Paulo alisoma. Tukaomba, tukaenda kulala bila kuamua. Tunaamini maisha ya Scott yana neno la kutusaidia, kwa hiyo tunawaomba msome mpaka mwisho.

UTOTO NA WITO WAKE

Peter Cameron Scott alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti. Mwaka 1879, alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, wazazi wake walifunga mizigo wakavuka bahari pamoja na watoto wao, wakahamia Philadelphia huko Marekani. Hawakukimbia vita kama sisi. Hata hivyo mtoto yule alijua mapema maana ya kuacha nyumba na kuanza upya mahali ambapo hakuna anayekufahamu.

Mungu alimpa sauti nzuri sana ya kuimba. Alifundishwa muziki, na watu walimwambia kwamba angeweza kupata jina kubwa na fedha katika majumba ya maonyesho. Wazazi wake walikuwa watu wa sala, na hawakuipenda njia hiyo. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akipanda ngazi za jumba kama hilo ili atafute kazi ya kuimba. Katikati ya ngazi moyo wake ulimuuliza kama anataka kuishi kwa ajili ya sifa zake mwenyewe au kwa ajili ya utukufu wa Mungu. Aligeuka, akashuka, akaenda zake.

Vijana wa kwaya, mlisikie hilo. Sauti haikuwa dhambi. Swali lilikuwa sauti hiyo inamtumikia nani.

Baada ya wito huo, Scott hakukimbilia meli siku ile ile. Alikwenda kwanza kusoma. Aliingia chuo cha kuwaandaa wamisionari kilichokuwa New York, ambacho kilianzishwa na mchungaji A. B. Simpson. Kilikuwa chuo kidogo cha watu binafsi, kilichotegemea sadaka za Wakristo. Tuliweke jambo hili akilini. Scott alikuwa mtu wa haraka katika kila jambo, lakini alikubali kuketi darasani kabla ya kutumwa.

KONGO, NA KABURI LA NDUGU YAKE

Mwishoni mwa mwaka 1890 aliwekewa mikono akasafiri. Watu wengi hawajui kwamba nchi ya kwanza ya Afrika ambako Scott alihudumu ilikuwa Kongo yetu. Alifika mapema mwaka 1891 upande wa magharibi, kule mto Kongo unakoingia baharini. Wakati ule nchi yote ilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, kana kwamba ni shamba lake mwenyewe.

Baada ya muda ndugu yake John alimfuata ili wafanye kazi pamoja. Furaha yao haikudumu. Miezi michache tu baada ya kufika, John alishikwa na homa akafa. Peter alitengeneza jeneza kwa mikono yake mwenyewe, akachimba kaburi, akamzika ndugu yake wa tumbo moja. Hapakuwa na mchungaji wa kuongoza ibada, wala kwaya, wala ndugu wa kulia pamoja naye.

Hapa kuna wasomaji wengi wanaoelewa sura hii kuliko walimu waliotufundisha habari zake chuoni. Wako kati yetu waliozika baba au mtoto kando ya njia, haraka haraka, wakaweka jiwe la alama, kisha wakaendelea kutembea kwa sababu risasi zilikuwa nyuma yao. Scott alisimama mahali hapo hapo. Inasimuliwa kwamba kandokando ya kaburi lile aliweka nadhiri upya ya kuitumikia Afrika.

Lakini nadhiri haizuii homa. Afya yake iliharibika kabisa, na mwaka 1892 alilazimika kurudi Uingereza akiwa mgonjwa. Kwa macho ya watu alikuwa ameshindwa. Alikwenda na ndugu, akarudi peke yake, na kazi haikuonekana.

Alipokuwa akipata nafuu alitembelea London, akaingia katika kanisa kubwa la Westminster alikozikwa David Livingstone. Juu ya jiwe la kaburi hilo imechongwa sehemu ya Yohana 10:16, pale Bwana wetu anapowataja kondoo wake walio nje ya zizi. Scott alipiga magoti hapo. Alipoinuka, alikuwa na shabaha mpya.

KUTOKA MOMBASA HADI NZAWI

Shabaha yenyewe ilikuwa hii. Makanisa ya wamisionari yalikuwa mengi pwani, lakini ndani ya bara yalikuwa machache. Scott alitaka kupanga mlolongo wa vituo kuanzia Mombasa, kimoja baada ya kingine, kwenda kaskazini magharibi mpaka Ziwa Chad. Mkipata ramani ya Afrika pale shuleni, chukueni uzi, mshike ncha moja Mombasa na nyingine Ziwa Chad. Uzi huo unapita juu ya Ziwa Albert, kusini kidogo tu ya Arua. Miaka mingi kabla wamisionari wa AIM hawajafika kwetu, njia yao ilikuwa imekwisha kupita karibu nasi katika mawazo ya kijana huyu.

Mwaka 1895 huko Philadelphia wazo hilo likawa Africa Inland Mission. Mwezi wa Agosti mwaka huo kundi la watu wanane waliondoka Marekani, pamoja na Scott mwenyewe na dada yake Margaret. Mwezi wa Oktoba walikuwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Reli haikuwapo. Ujenzi wa reli ya Mombasa kwenda Uganda ulianza mwaka uliofuata, 1896. Kwa hiyo walikwenda kwa miguu, pamoja na wapagazi wa mizigo, wakapita nyika kavu ya Taru, mpaka wakafika nchi ya Wakamba. Mwezi wa Desemba 1895 walifungua kituo cha kwanza mahali panapoitwa Nzawi, ambapo leo ni upande wa Makueni nchini Kenya.

Kazi ya mwaka uliofuata inashangaza. Vituo vikawa vinne: Nzawi, Sakai, Kilungu na Kangundo. Nyumba zilijengwa, wagonjwa walianza kutibiwa, watoto walianza kufundishwa, na wamisionari walikuwa wakijifunza Kikamba. Wengine walifika kutoka Marekani kuongeza nguvu, wakiwemo baba na mama yake Scott mwenyewe. Hebu fikirini wazazi waliokwisha kumzika mtoto mmoja katika Afrika, nao wanaamua kumfuata wa pili huko huko.

Scott alizunguka kati ya vituo bila kupumzika. Inaelezwa kwamba katika mwaka ule mmoja alitembea karibu maili 2,600, yaani zaidi ya kilomita 4,000. Mtu akitembea kutoka hapa Koboko mpaka Kampala, akarudi, akaenda tena, na kurudi tena, bado hajamaliza mwendo huo.

KIFO CHAKE

Mwili ulichoka. Mwishoni mwa Novemba 1896 alishikwa na homa kali ile inayofuatana na malaria, inayofanya mkojo wa mgonjwa kuwa mweusi. Tarehe 4 Desemba 1896 alifariki huko Nzawi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Tangu aliposhuka melini pwani ilikuwa imepita miezi kumi na minne tu. Alizikwa hapo hapo Nzawi.

Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria inaletwa na mbu. Daktari Ronald Ross aligundua siri hiyo huko India mwaka 1897, hata mwaka mmoja haujaisha tangu Scott azikwe. Sisi leo tunajua, tena tunagawiwa vyandarua bure. Tunawasihi kwa upendo, wapendwa, visiwe vya kuzungushia vifaranga wala bustani ya sukumawiki. Kuna watu waliokufa kwa kukosa kile tunachokifungia kuku.

KAZI ILIYOKARIBIA KUZIMIKA

Sasa tunafika sehemu ambayo katika mahubiri mengi huwa inarukwa. Baada ya kifo cha Scott, kazi yake karibu ife pamoja naye. Wenzake kadhaa walikufa kwa homa. Wengine waliugua wakarudi kwao, wengine walijitoa. Njaa kali iliingia Ukambani katika miaka ya 1898 na 1899. Kufikia mwaka 1899 ilifika saa ambapo katika vituo vyote vile alibaki mmisionari mmoja tu wa misheni hiyo, jina lake William Gangert.

Tujiulize kwa nini. Scott hakukosa imani wala juhudi. Hata tunathubutu kusema juhudi yake ilizidi kipimo. Lakini kila kitu kilikuwa kinamtegemea yeye: shabaha ilikuwa kichwani mwake, na vituo vinne viliunganishwa na miguu yake. Tena muda wa kuwaandaa watu wa nchi ile washike kazi haukuwapo. Miguu hiyo iliposimama, kazi nayo ikasimama.

Tunaandika haya kwa heshima, maana sisi wachungaji wa kambini tuna ugonjwa huo huo. Mchungaji ndiye anayehubiri, ndiye anayezika, ndiye anayepatanisha wenye ugomvi wa kisima, ndiye anayeandika barua za ofisini. Siku akipata nafasi ya kupelekwa nchi ya mbali, au siku akiitwa na Bwana, kundi linabaki likitazamana.

JINSI NJIA ILIVYOFIKA KWETU

Mungu hakuiacha kazi ile. Charles Hurlburt, aliyekuwa kiongozi katika chuo cha Biblia huko Pennsylvania, aliishika misheni, na mwaka 1901 akahamia Kenya na mke wake na watoto wao watano. Mwaka 1903 makao makuu yalihamishiwa Kijabe, mahali penye baridi na mbu wachache. Kutoka hapo mlolongo wa Scott ulianza kurefuka tena.

Mwaka 1912 wamisionari wa AIM wakiongozwa na John Stauffacher walivuka Ziwa Albert wakafungua kituo Kasengu, karibu na Mahagi. Ndipo vikafuata vituo ambavyo majina yake sisi tunayasema kama majina ya ndugu: Aba, Dungu, Rethy, Blukwa, Oicha. Kanisa lililozaliwa humo ndilo leo linaloitwa CECA 20.

Mwaka 1918 misheni hiyo hiyo ilianza kazi hapa West Nile, katika mji wa Arua. Kwa sababu Uganda ilikuwa shamba la Waanglikana, walipatana kwamba kanisa litakalozaliwa huku litakuwa la Kianglikana. Ndiyo maana ndugu zetu wa Mvara wanaabudu kwa kitabu cha sala na sisi hatuna, ingawa waliotuzaa ni wamoja.

Njia hii imetembewa pande zote mbili. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, wamisionari wa kwetu Kongo walikimbilia Uganda. Baada ya mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, maelfu ya watu wa Arua na Koboko walikimbilia Kongo na Sudan, na wazee wetu wakawagawia mashamba. Ilipofika zamu yetu, walitugawia wao. Mtu asijione mgeni kupita kiasi hapa, wala mwenyeji asijione mwenyeji kupita kiasi.

CHUO CHA MACHAKOS

Sasa tuje kwenye chuo. Hapa pia tuseme ukweli wote. Misheni ya AIM ilikuwa na bidii kubwa ya kuhubiri, na ilifungua shule nyingi za vijijini na shule za Biblia. Lakini kwa miaka mingi iliiogopa elimu ya juu. Viongozi wengine walidhani kwamba Mwafrika akisoma sana atapoteza imani au ataacha kuhubiri na kutafuta kazi ya serikali. Mwaka 1906 misheni ilianzisha shule ya watoto wa wamisionari huko Kijabe, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo lake. Chuo cha theolojia cha kiwango cha juu kwa ajili ya Waafrika kilifunguliwa Kenya mwaka 1962. Hesabuni wenyewe: kati ya shule ile na chuo hiki ni miaka hamsini na sita.

Kuchelewa huko kulikuwa na gharama. Wakristo wengi waliotaka watoto wao wasome zaidi walichoka kusubiri. Huko huko Ukambani, ambako Scott alizikwa, mwaka 1945 Wakamba walianzisha kanisa lao la African Brotherhood, na kiu ya elimu ilikuwa moja ya mambo yaliyowasukuma.

Chuo cha mwaka 1962 kilijengwa Machakos, katika nchi ile ile ya Wakamba. Kiliitwa Scott Theological College. Waliochagua jina hilo walijua wanachofanya. Scott hakuacha kitabu, hakuacha mali wala jengo la mawe. Aliacha kaburi. Miaka sitini na sita baada ya kifo chake jina la kaburi lile liliwekwa juu ya mlango wa darasa.

Kilikuwa chuo kidogo. Si cha serikali. Ni cha kanisa, na kiliishi kwa karo na sadaka. Katika chuo cha namna hiyo mwalimu anamjua kila mwanafunzi kwa jina, anajua nani ana mke mgonjwa nyumbani na nani hajala. Walifundishwa Biblia, lugha ambazo Biblia iliandikwa, historia ya kanisa na kuhubiri. Zaidi ya hayo, mwanafunzi alifundishwa kusoma kwa makini, kupima neno kabla ya kulikubali, na kuandika wazo lake likaeleweka. Hiyo ndiyo elimu ya mtu kamili. Haimpi mtu ufundi wa mikono siku ile ile, lakini inampa kichwa cha kutumia ufundi wowote.

Chuo kilikua polepole. Mwaka 1979 kilithibitishwa na ACTEA, chombo cha makanisa ya kiinjili kinachopima vyuo vya theolojia katika Afrika. Kuanzia mwaka 1982 walimu wake walitoa jarida la theolojia la Afrika Mashariki, ambalo baadaye lilikuwa la Afrika yote. Mwaka 1997 serikali ya Kenya ilikipa hati ya kutoa shahada zake chenyewe, na baadaye kikaitwa Scott Christian University. Wanafunzi wake wamekuwa wachungaji, walimu wa vyuo vya Biblia na viongozi wa makanisa katika nchi nyingi.

Hakikuwa peke yake. Kwetu Kongo uhuru ulipokuja mwaka 1960, wananchi wenye shahada ya chuo kikuu walihesabika kwa makumi machache tu katika nchi kubwa namna ile. Mwaka uliofuata, 1961, makanisa ya mashariki pamoja na ya AIM yalifungua shule ya theolojia Bunia. Shule hiyo ilipitia vita vya Ituri, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Shalom. Hapa Uganda, chuo cha Askofu Tucker kilichoanza Mukono mwaka 1913 kiligeuzwa mwaka 1997 kuwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, ambacho kilifungua tawi hapa Arua. Vyuo hivi vyote vilianza na darasa moja au mawili, na watu wakacheka.

TUNAJIFUNZA NINI

Sisi tunaoandika tulisoma chuo cha Biblia kabla ya vita. Hatukuwa wanafunzi hodari. Kiyunani kilitutoa jasho. Siku ya kukimbia tuliacha kabati lote la vitabu, pamoja na baiskeli na mbuzi wanne. Mama watoto alishona cheti chetu ndani ya nguo ya mtoto mchanga, ndivyo kilivyovuka mpaka, kikiwa na alama ya maji mpaka leo. Lakini hata kama cheti kingepotea, yale tuliyofundishwa tulivuka nayo. Hakuna aliyetusimamisha njiani akatunyang'anya Waraka kwa Warumi.

Kanisa la mabati nalo tulilijenga kule nyumbani. Tulichanga kwa miaka saba, bati moja moja. Leo hatujui ni nani analala chini yake.

Hatusemi kwamba mabati ni mabaya. Mvua ni mvua, na kina bibi zetu wanakohoa. Wala hatumpingi mzee wetu kuhusu wavuvi. Ni kweli Mungu aliwaita wavuvi, lakini tukumbuke kwamba waliketi miaka mitatu miguuni pa Mwalimu mkuu kuliko wote kabla ya kutumwa. Scott naye alikwenda kwanza darasani. Na kazi yake ilipokosa watu wa nchi walioandaliwa kuishika, karibu izimike.

Bwana wetu alifundisha juu ya punje ya ngano inayokufa udongoni (Yohana 12:24). Scott alikuwa punje hiyo. Alikufa bila kuona shule ya Aba, wala kanisa la Arua, wala chuo cha Machakos. Lakini kila mkulima wa hapa Lobule anajua jambo moja zaidi: mbegu ikianguka, lazima awepo mtu wa kupalilia. Nzawi ilianza kuota tena walipopatikana wapaliliaji, na matunda yake yaliongezeka wapaliliaji hao walipokuwa watoto wa nchi wenyewe, waliofundishwa wakafundisha wengine. Paulo alimwagiza Timotheo njia hiyo hiyo (2 Timotheo 2:2).

Vijana wetu wawili si watoto wa mchungaji, wala si wa mzee yeyote wa kanisa. Mmoja ni yatima. Wakisoma, huenda wakarudi kutuhudumia, huenda wasirudi. Wamisionari waliogopa hilo wakachelewa miaka hamsini na sita. Sisi hatuna miaka hamsini na sita. Karo inadaiwa kabla ya muhula kufunguliwa.

Mkutano wa kanisa zima utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, na kila mshirika aliyebatizwa atakuwa na sauti, akina mama na vijana pia. Sisi tumeandika tunachofikiri. Msikubali kwa sababu ni mchungaji amesema. Someni, ombeni, mpime. Mkiamua mabati, tutapanda juu ya dari pamoja nanyi tukiwa na misumari mdomoni. Mkiamua karo, Jumapili hiyo mje na sufuria za kukinga mvua, maana tutaendelea kunyeshewa kwa muda.

Bwana awabariki na kuwalinda katika mahema yenu.